Kukodi kedi Dar es Salaam: unacholipia, unachopata, na mikwaju inakopotelea

Mchezaji mgeni anayefika uwanja wa gofu wa Gymkhana, au ule wa jeshi pale Lugalo, huulizwa swali moja kabla hajamaliza kushusha vitu kwenye buti la gari: bosi, unachukua kedi, yaani msaidizi wa kukubebea fimbo na kukuongoza uwanjani? Wengi hujibu kwa kuangalia mfuko wao wa fimbo. Ukiwa mzito, ndiyo. Ukiwa mwepesi au kama kuna kitoroli, hapana. Hesabu hiyo imekosewa mwanzo kabisa. Mfuko uliojaa una kilo 10 hadi 15, raundi ya mashimo 18 ni mwendo wa kilomita 8 hadi 10 ukiweka na kuzungukazunguka, na kitoroli kinaumudu mwendo huo bila kunung'unika. Ila kitoroli hakijui grini (nyasi fupi kuzunguka kishimo) ya shimo la tano inamwaga upande gani, wala hakioni mpira ulioingia nyuma ya mti.

Tathmini hii ni ya huduma ya makedi wa Dar kwa jumla, si ya klabu moja. Hukumu yetu ni hii: kwa mgeni wa uwanja, na kwa yeyote mwenye handikapu ya juu (yaani anayehitaji mikwaju mingi kumaliza raundi), kedi mzoefu ni matumizi bora kuliko boksi jipya la mipira au draiva (fimbo ya mikwaju mirefu) ya bei mbaya. Kedi asiyejua kazi ni hasara mara mbili, maana utamlipa yeye na mikwaju utaibeba wewe. Tofauti ya hao wawili haionekani kwa macho pale maegesho, na mfumo wa kuwagawa makedi hausaidii sana kuijua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni namna ya kumpata anayefaa na namna ya kumtumia.

Kazi yenyewe ilianza ikiwa kazi ya kuongoza watu, na gofu ilikuja baadaye. Edinburgh ya karne ya 18 ilikuwa mji wa maghorofa yaliyobanana na vichochoro visivyohesabika; mgeni aliyeshuka pale bila mwenyeji alitafuta kedi. Makedi walikaa karibu na nyumba za kahawa na sehemu za watu wengi, wakingoja kutumwa: peleka barua, nionyeshe kwa fulani, nitafutie chumba. Usiku, wakati wakazi wa juu wakimwaga maji machafu madirishani, mgeni mwenye akili alitembea na mwongozaji aliyetangulia akipaza sauti ili watu wa ghorofani wazuie mikono. Jina walilopewa lilitoka kwenye neno la Kifaransa cadet, yaani mdogo wa ukoo. Waskoti walilitumia kwanza kwa kijana wa familia nzuri anayejifunza uaskari, kisha likashuka ngazi mpaka likawa la mtu yeyote wa kutumwa. Ile hadithi inayopendwa baa za klabu, kwamba malkia Mary wa Scotland ndiye aliyelileta pamoja na vijana wa Kifaransa waliombebea fimbo, haina ushahidi. Mary aliuawa mwaka 1587, na neno linaanza kuonekana kwenye maandishi miongo kadhaa baadaye, katika karne ya 17.

Jambo la kuzingatia hapo ni usimamizi. Makedi wa Edinburgh walikuwa wamejipanga chini ya mkuu aliyeitwa konstebo wa makedi. Aliyekosa alitozwa faini au alichapwa. Walikuwa watu wa matambara, wengine wakilala kwenye ngazi za majengo, lakini waliaminiwa kwa mambo mazito kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuulizwa kitu kikipotea. Kedi wa Dar naye anaaminika kwa sababu hiyo hiyo. Mtu wa kuulizwa ni kedi masta, mwenye daftari la majina na zamu. Ukimkwepa yeye ili kupunguza shilingi kadhaa, umeitupa nusu ya huduma.

Upande wa gofu, jina linalotajwa mapema kabisa ni la Andrew Dickson. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1680, akiwa mtoto, alimbebea fimbo Duke wa York, ambaye baadaye alikuwa mfalme James wa Pili wa Uingereza, kwenye viwanja vya Leith jirani na Edinburgh. Kazi yake nyingine ilikuwa kukimbia mbele kuona mpira unaangukia wapi. Mifuko ya gofu haikuwepo. Fimbo zilibebwa kwapani hadi mwishoni mwa karne ya 19, na kedi ndiye aliyefinyanga kijichuguu cha mchanga wa kuwekea mpira kabla ya vijiti vya tii kuenea. Kuona mpira, kujua uwanja, kuandaa pigo: mambo hayo matatu ndiyo kazi. Kubeba kulikuwa nyongeza, na hata leo ni nyongeza. Mwaka 1913 Francis Ouimet alishinda US Open, mashindano ya wazi ya Marekani, pale Brookline, Massachusetts, akiwa na kedi wa miaka 10, Eddie Lowery, na hakuna anayedhani mtoto yule alichukuliwa kwa ajili ya mabega yake. (Leo mtoto wa umri huo awe darasani. Ukiletewa, mkatae.)

Sasa kwenye kukodi. Fika dakika 40 kabla ya muda wako wa kuanza, hasa Jumamosi na Jumapili asubuhi, maana makedi wazoefu huondoka na vikundi vya kwanza. Nenda moja kwa moja kwa kedi masta. Anayekukimbilia kwenye maegesho na kushika mfuko kabla hujamsalimia anaweza kuwa mtu mzuri tu, ila kama hayuko kwenye orodha ya siku, fimbo ikipotea hutakuwa na wa kumwuliza. Mwambie kedi masta mambo haya: handikapu yako halisi (si ile unayotamani), kama unacheza mashindano au ni raundi ya kawaida, na kama unataka kedi wa kwako peke yako au wa kushirikiana na mwenzako. Kanuni zinaruhusu kedi mmoja kuhudumia wachezaji wawili, ila kila mchezaji haruhusiwi kuwa na zaidi ya kedi mmoja kwa wakati mmoja. Kushirikiana kunapunguza gharama na kunaharibu huduma: mipira yenu ikienda pande mbili tofauti, mmoja wenu atajitafutia mwenyewe. Kama nyote wawili mnapiga mipira inayopinda, msijaribu.

Hapo utakutana na tatizo la zamu. Makedi wengi hugawiwa kwa foleni, aliyewahi kufika ndiye anayewahi kupewa mchezaji. Kwao ni haki, na hakuna njia nyepesi ya kuwalisha watu wote bila foleni. Kwa mteja ni bahati nasibu. Njia ya kuipunguza bila kuvunja foleni ni kuomba kitu kimoja kinachopimika: kedi anayecheza gofu mwenyewe. Makedi wanaocheza wapo wengi, na baadhi ya wachezaji wa kulipwa wa Tanzania walitoka hukohuko kwenye kubeba mifuko. Kedi anayecheza anajua mpira uliokaa chini kwenye majani hautaruka kama ule uliokaa juu. Asiyecheza atakuambia umbali tu. Ukimpata mzuri, chukua jina lake, na safari ijayo mwombe kwa jina siku moja kabla. Klabu nyingi hazikatazi.

Kabla ya kuondoka, hesabuni fimbo pamoja, kwa sauti. Kikomo ni 14. Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju, fimbo ya 15 iliyosahaulika chini ya mfuko inagharimu mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza ukiwa nayo, hadi kufikia minne, na hakuna atakayejali kwamba ilikuwa ya mtoto wako. Hesabu hiyo hiyo mtairudia mwisho wa raundi, na hapo ndipo mizozo mingi ya weji (fimbo za mikwaju mifupi) zilizopotea inapozimwa kabla haijawaka. Weji huachwa pembeni ya grini kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mchezaji huenda na fimbo mbili, anatumia moja, halafu anaondoka akifikiria mkwaju unaofuata.

Angalia pia taulo. Kedi anayeijua Dar hubeba mbili, moja aliyoilowesha nusu na nyingine kavu. Kwa unyevunyevu wa hapa, kuanzia Desemba hadi Machi hasa, mikono na mpini vinaloa kufikia shimo la tatu, na fimbo inayozunguka mkononi haitibiwi na ushauri wowote. Iliyolowa ni ya mpira na uso wa fimbo. Ya kavu haigusi udongo kamwe. Ukiona anafutia mpini taulo la matope, sema mapema, kwa upole. Maji ni juu yako: lita moja na nusu yako, na chupa yake pia. Kedi mwenye kiu shimo la 12 hana faida, na si vizuri kumfanya aombe.

Huduma ambayo makedi wa Dar wanaifanya vizuri kuliko zote ni kuona mpira. Hapa tunawapa alama za juu bila kusita. Kedi mzuri hasimami karibu nawe kwenye tii, pale shimo linapoanzia. Anatangulia kama mita 150 hadi 200, upande ambao mipira hupotelea, na anaushika mpira kwa jicho dhidi ya kitu kisichotembea, mti au nguzo. Ila kuna kanuni ambayo wachezaji wengi hawaijui. Muda wa kutafuta mpira ni dakika 3 tangu mwaka 2019 (zamani zilikuwa 5), na saa inaanza pale wewe au kedi wako mnapoanza kutafuta. Kedi mchapakazi akifika mapema na kuanza kufukua majani wakati wewe ungali unatembea, dakika zako zinaliwa. Mwambie mapema: simama pale ulipouona mwisho, usianze mpaka nifike. Mpira ukisogezwa kwa bahati mbaya wakati wa kutafuta, hakuna adhabu, unarudishwa ulipokuwa.

Kunguru ni jambo la kwetu. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kisha wakajaa pwani yote, huiba mipira. Mpira unaweza kunyakuliwa hapo hapo feawei, kwenye njia ya nyasi zilizokatwa kati ya tii na grini. Ikijulikana, au ikiwa karibu ni hakika, kwamba ndege ndiye aliyeuchukua, unaweka mpira mwingine mahali ulipokuwa bila adhabu. Neno linalobeba uzito hapo ni hakika. "Nadhani ni kunguru, bosi" halitoshi. Pawe na ushahidi, kwa mfano kedi au mchezaji mwingine amemwona. Kedi aliyetangulia anaokoa mkwaju hapo, na aliyebaki nyuma akiongea kwenye simu anakugharimu.

Kwenye umbali huduma ni ya wastani, na kosa la kawaida ni la vipimo. Makedi wengi wanafikiri kwa yadi. Vifaa vya kupimia umbali, ambavyo kanuni zinaviruhusu isipokuwa kanuni ya mashindano ikikataza, mara nyingi vimewekwa kwenye mita. Yadi 150 ni mita 137. Mita 150 ni yadi 164. Mkichanganya, mmekosea kwa fimbo moja au zaidi. Suluhisho ni la sekunde tano kwenye tii ya kwanza: tunatumia yadi au mita? Swali la pili: umbali unaonipa ni hadi mbele ya grini au hadi kwenye bendera? Grini yenye kina cha yadi 30 inaweza kukuletea tofauti ya fimbo mbili kati ya mbele na nyuma, na kedi aliyezoea wachezaji wa klabu hutaja mbele kwa sababu wao wanajua kujumlisha wenyewe.

Kuchagua fimbo, kwa mashimo matatu ya kwanza, usimwachie. Hajakuona ukipiga. Kedi atasema "piga saba" akimkumbuka mtu aliyembebea jana, ambaye namba 7 yake inaweza kuwa mbele au nyuma ya yako kwa yadi 20. Utaratibu unaofanya kazi: tii ya kwanza hadi ya tatu yeye akupe umbali na upepo tu, wewe chagua fimbo, na kila mara mwambie ulikusudia kufika wapi. Kuanzia shimo la nne ana kitu cha kupimia. Kedi makini atakuwa ameshaona kwamba mikwaju yako mingi inakosa kwa kufupia, kama ya wachezaji wengi wa wastani, na atakupa fimbo moja zaidi bila kukueleza sababu. Mkubalie.

Upepo ndio unaomtenganisha mwenyeji na mgeni. Viwanja vya pwani huchezwa kwa majira: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi kuanzia Mei hadi Oktoba, na katikati yake mvua za masika na vuli. Juu ya hayo kuna upepo wa bahari wa kila siku. Asubuhi ya saa moja inaweza kuwa tulivu, na saa sita mchana shimo lile lile likahitaji fimbo mbili zaidi. Kedi mzuri haangalii bendera peke yake, kwa sababu bendera iliyozungukwa na miti hudanganya. Anaangalia ncha za juu za miti, pale mpira wako unapopita. Kwa upepo wa mbele atakwambia uchukue fimbo ndefu na upige taratibu. Mfuate. Anayekupa fimbo ile ile na kusema "ongeza nguvu" hajaelewa: nguvu inaongeza mzunguko, mpira unapanda, unasimama hewani na kuanguka mfupi.

Kwenye grini ndipo pesa inapojirudisha. Viwanja vya ukanda wa joto kwa kawaida hupandwa nyasi za jamii ya bermuda, zinazolala upande mmoja. Mpira unaokwenda na ulalo huo huteleza zaidi, unaokwenda kinyume hukwama, na ulalo unaoikata njia yake huusukuma pembeni hata mahali palipo tambarare kabisa. Kuna alama mbili za kuusoma. Ukisimama nyuma ya mpira na njia ikang'aa kwa weupe, unakwenda na ulalo; ikiwa ya kijani iliyokoza, unakwenda kinyume. Ya pili ni ukingo wa shimo lenyewe: upande uliokwaruzika au uliokauka ndio nyasi zinakolalia. Kedi mwenyeji hahitaji alama hizo, kwani amezungukia grini zile kwa miaka. Anachohitaji ni wewe kumwuliza swali sahihi. "Inakwenda wapi?" linakupa jibu la mwelekeo tu. Uliza: "Nilenge wapi, na ni kama hatua ngapi kwa mwendo?" Mwelekeo bila kasi haufai, kwa sababu pata (mkwaju wa kuuviringisha mpira kwenye grini) inayopigwa kwa nguvu hupinda kidogo na inayokufa mlangoni hupinda sana.

Kanuni zinampa kedi uhuru mkubwa pale. Anaruhusiwa kuweka alama, kuokota na kusafisha mpira wako kwenye grini, kurekebisha alama za mpira na za viatu, kushika bendera au kuiacha ndani ya shimo. Haruhusiwi kuweka kitu chini cha kukuonyesha pa kulenga. Na haruhusiwi kusimama nyuma yako kwenye mstari wa pigo unapoanza kupanga miguu. Ukipiga hivyo ni mikwaju miwili, ingawa ukigundua unaweza kuondoka, ukapanga upya yeye akiwa amesogea. Makedi wengi hawajazoea hili, kwani kabla ya 2019 lilikuwa la kawaida, na kwa nia njema wanasimama pale pale kukuangalizia mstari.

Nia njema ndiyo chanzo cha makosa makubwa ya huduma hii, zaidi ya uvivu. Lililo baya kuliko yote ni mguu. Mpira umekaa vibaya kwenye majani marefu, kedi kafika kwanza, na ukifika unakuta umekaa kama umewekewa mto. Wengine huona ni hisani kwa mteja, na wateja wengine huifadhili kwa bakshishi nene. Kanuni zinamhesabu kedi kuwa wewe: akiusogeza mpira makusudi ni mkwaju mmoja na mpira urudishwe, ukipiga kutoka pale aliposogeza, ni miwili. Kwenye mashindano ni aibu isiyofutika. Ukitaka lisitokee, lisemwe kabla ya tii ya kwanza, waziwazi na bila kumtuhumu mtu: mpira wangu usiguswe nje ya grini mpaka nikuombe.

Kosa la pili ni mdomo. Kundi la watu wanne na makedi wanne linakuwa na utani, na utani una ushauri ndani. Kedi wa mwenzako akikupigia kelele "sita hiyo, bosi!", anayeadhibiwa ni mchezaji wake, mikwaju miwili, kwa kutoa ushauri kwa mshindani. Ukiuliza wewe, unaadhibiwa wewe. Ushauri ni wa kedi wako tu. Katika raundi ya kirafiki hakuna atakayejali. Siku ya mashindano, wakumbusheni wote kwa pamoja.

Bunka, yaani shimo la mchanga: kedi hubeba reki na huwa na haraka ya kusawazisha. Mwombe angoje mpaka mpira utoke. Kusawazisha sehemu nyingine ya mchanga kwa kutunza uwanja kunaruhusiwa, lakini mstari kati ya kutunza na kuboresha njia ya mpira wako ni mwembamba kuliko faida ya dakika moja.

Wakati wa masika mpira unaweza kuzama kwenye alama yake mwenyewe. Nje ya mchanga, katika eneo la kawaida la mchezo, una nafuu, yaani ruhusa ya kuutoa hapo, bila adhabu. Kedi anaweza kuuokota baada ya wewe kuamua kuchukua nafuu, si kabla, na kuudondosha ni kazi yako peke yako, kwa urefu wa goti. Kedi akikudondoshea, hata vizuri kabisa, ni kosa lako.

Malipo. Uliza kiwango kwa kedi masta kabla ya kuanza, na uliza kinachojumuishwa: mashimo 9 au 18, na mvua ikikatisha raundi inahesabiwaje. Bakshishi ni kitu tofauti na kiwango, na hulipwa mkononi mwa kedi au kwa simu, mwisho, baada ya fimbo kuhesabiwa. Usilipe yote mwanzo, na usipandishe dau katikati ya raundi kwa furaha ya mpira mmoja. Makedi wenyewe watakuambia wateja wa namna hiyo ndio wanaosahau kulipa. Kinywaji na andazi kwenye mapumziko ya shimo la tisa havihesabiwi kuwa bakshishi. Na malalamiko au sifa zifikishwe kwa kedi masta siku hiyo hiyo, kwa jina. Lalamiko la wiki iliyopita halimsaidii mtu, na sifa isiyofika kwenye daftari haimpandishi kedi mzuri kwenye macho ya anayegawa zamu.

Nani asikodi? Anayecheza mashimo tisa jioni kwenye uwanja anaoujua, akiwa na muda mfupi kabla ya giza, anatosha na kitoroli. Anayejifunza kabisa pia. Kwake kedi atageuka mwalimu bila kutaka, na darasa la dakika tano kila mkwaju litawachelewesha walio nyuma. Huyo amtafute mwalimu kwenye uwanja wa mazoezi kwanza, kisha arudi kwa kedi akiwa na mkwaju angalau mmoja anaoweza kuurudia. Mgeni wa siku moja, mwenye kampuni ya watu watatu na tii ya saa moja asubuhi wakati wa kusi, akodi mwenyewe, asishirikiane, na aombe anayecheza.